Kwa nini Kiingereza hakisomwi kama kinavyoandikwa

Mama mmoja anayetusikiliza alitutumia ujumbe wa sauti jioni, vyombo vya jikoni vikisikika nyuma yake. Binti yake wa darasa la nne alikuwa amerudi na daftari la imla. Mwalimu alitamka neno la Kiingereza lenye maana ya kisu, mtoto akasikia “naif”, akaandika “naif”, akapigiwa kosa kwa wino mwekundu. Jibu lilikuwa “knife”. Mama akauliza: hiyo k nani kaiweka, na kama haisomwi, kwa nini haiondolewi? Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mtoto sasa anasema yeye hana akili ya Kiingereza.

Tulimjibu hewani kwa dakika mbili, na dakika mbili hazikutosha. Wengi mliandika mkitaka maelezo ya kusoma taratibu, simu ikiwa mkononi. Ndiyo haya.

Tuanze na huyo mtoto. Alisikia sawasawa. Sikio lake halina kosa hata kidogo, na alichokiandika ndicho ambacho Kiswahili kimemfundisha tangu darasa la kwanza: sikia, kisha andika ulichosikia. Tatizo ni kwamba Kiingereza hakifuati agizo hilo. Kina agizo lake, na watoto wengi hawaambiwi kamwe kwamba agizo limebadilika.

Lugha ya jana na lugha ya juzi

Kiswahili kina irabu tano, na herufi tano za kuziandika. A ni a popote uikutapo. Ndiyo maana mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma kwa sauti hata neno asilolijua maana. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi. Maandishi tunayoyatumia leo ya herufi za Kirumi yalisanifiwa juzi tu, hasa baada ya kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, lahaja ya Kiunguja ikiwa msingi. Maandishi yaliyopangwa karibuni hufanana na matamshi, kwa sababu matamshi hayajapata muda wa kukimbia.

Kiingereza kinaandikwa kwa herufi za Kirumi tangu karne ya 7, baada ya wamisionari kutoka Roma kufika Uingereza mwaka 597. Kina herufi 26, lakini matamshi yanayofundishwa shuleni yana sauti zipatazo 44, na karibu 20 kati ya hizo ni za irabu. Herufi tano zinabebeshwa mzigo wa sauti 20. Hapo peke yake pangetosha kuleta vurugu.

Na vurugu hiyo haiwapati watoto wetu tu. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Ufini na Ugiriki walikuwa wakisoma karibu kila neno la kawaida kwa usahihi. Watoto wa Scotland, ambao Kiingereza ni lugha yao ya nyumbani, walipata kama theluthi moja. Mama, mwambie binti yako hilo. Kama mtoto aliyenyonya Kiingereza anahangaika hivyo, yeye anayekisikia darasani kwa kipindi kimoja ana haki ya kukosea “knife”.

Zamani k ilisomwa

Sasa swali lenyewe. Hakuna aliyeiweka k ili kututesa. Ilikuwa ikitamkwa. Neno hili lilifika Uingereza pamoja na watu wa kaskazini, na wajukuu wa watu hao wanalitamka hivyo hadi leo: Mswidi akitaka kisu anasema “kniv”, na k unaisikia wazi. Waingereza nao waliitamka k mbele ya n kwa mamia ya miaka, hata mnamo karne ya 17 ilipoanza kupotea midomoni. Kwenye karatasi ilibaki.

Neno “knight”, yaani askari wa farasi wa zamani, lilipoteza zaidi. K ilisomwa. Hata ile gh ya katikati ilisomwa. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, jamaa ya ile wanayoitoa wazee wa pwani wanaposema “kheri”. Leo vyote viwili vimekufa na neno linatamkwa “nait” tu, sawasawa na “night”, usiku. Kwa hiyo ukiona gh katika “night”, “light”, “eight” au “daughter”, unaona kaburi la sauti.

Irabu zilihama pia, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili atashangaa. Mwingereza wa mwaka 1400 alisoma irabu zake karibu kama sisi tunavyozisoma. “Name”, jina, aliitamka “naame”. “Time”, wakati, ilikuwa “tiime”. “Moon”, mwezi, ilikuwa na o mbili za kweli, kama tunavyosema “choo”. Ungempa mtoto wa darasa la pili wa Bagamoyo karatasi ya wakati ule, angejitahidi vizuri kuliko anavyojitahidi na gazeti la leo la London.

Kisha, kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu zote za Kiingereza zilipanda ngazi. A ndefu ikaenda kuwa “ei”, e ikawa “ii”, i ikawa “ai”, o ikawa “uu”. Mtaalamu wa lugha wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina la mhamo mkuu wa irabu. Sababu yake bado inabishaniwa.

Bahati mbaya ni kwamba katikati ya safari hiyo mashine ya kuchapa ilifika. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476. Alikuta watu wa mkoa huu na mkoa ule wakisema tofauti. Mwenyewe alisimulia kisa cha wasafiri waliotaka mayai huko Kent, na mama mwenye nyumba akawajibu kwamba yeye hajui Kifaransa, kumbe walikuwa wakimsemesha Kiingereza cha upande mwingine. Mchapaji hana nafasi ya kuandika kila lahaja. Huchagua moja na kuendelea. Herufi za risasi zikazoeleka, vitabu vikasambaa, tahajia ikaganda, na midomo ikaendelea na safari yake.

Baadhi ya makosa ni ya kupachikwa. Makarani waliojua Kilatini walitaka Kiingereza kionekane cha kisomi, wakarudisha herufi ambazo hakuna Mwingereza aliyezitamka. Deni liliandikwa “dette”, wakalitia b ili lifanane na neno la Kilatini, likawa “debt”. Kisiwa kiliandikwa “iland”, wakakitia s. Stakabadhi ya dukani wakaitia p, ikawa “receipt”. Mwenzetu mmoja studioni aliwahi kusoma taarifa ya madeni ya nchi akaitamka ile b kwa nguvu zake zote, na simu za wasikilizaji zikaita hadi mchana. Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake peke yake. B hiyo iliwekwa na watu waliotaka kuonekana wamesoma.

Kiswahili hakikudanganyika. Angalia tulivyolichukua neno lile la dukani: risiti. Hakuna p. Babu zetu walisikia, wakaandika walichosikia.

Ufunguo ulio mdomoni mwako

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo tungependa kila mzazi alijue. Maneno ya Kiingereza yaliyoingia Kiswahili ni rekodi ya sauti. Anayeyajua, na wote tunayajua, tayari anazijua kanuni kadhaa za kusoma Kiingereza bila kwenda darasani.

Nenda gereji. Fundi anasema breki. Kwenye kopo la mafuta ya breki imeandikwa “brake”. Nyumbani kuna keki, dukani imeandikwa “cake”. Geti ni “gate”. Kesi ya mahakamani ni “case”. Sasa panga maneno hayo manne kichwani: kila moja lina a, konsonanti moja, kisha e mwishoni. Ile e haisomwi. Kazi yake ni kumnong'onezea msomaji kwamba a iliyotangulia si a fupi, bali ni ile iliyopanda ngazi, ambayo sikio la Kiswahili liliisikia kama e.

I nayo hivyo hivyo: laini ni “line”, faini ni “fine”, maili ni “mile”, saizi ni “size”, faili ni “file”. Na noti ya benki ni “note”. Ukiiondoa ile e ya mwisho, sauti inabadilika: “fin” si faini tena, ni pezi la samaki. “Not” si noti, ni neno la kukanusha. Kwa hiyo e ya mwisho haisomwi lakini inafanya kazi, kama mlinzi wa usiku: humsikii, ila asipokuwepo utajua.

Tena kuna herufi ch. Chaki inatokana na “chalk”, mashine na “machine”, na skuli, wanavyosema ndugu zetu wa Zanzibar, na “school”. Kwa Kiingereza yote matatu yana ch. Kwetu yamekuwa ch, sh na k, kwa sababu ndivyo yalivyosikika. Kwa nini hivyo? Kwa kuwa “chalk” ni mwenyeji wa zamani katika Kiingereza, “machine” aliingia kupitia Kifaransa, na “school” asili yake ni Kigiriki. Kiingereza kilimruhusu kila mgeni aje na nguo zake. Ukijua hivyo, “chemistry” na “Christmas” hazikubabaishi: yenye asili ya Kigiriki huwa na k. Kemia. Krismasi.

Sisi huandika mdomo, wao huandika ukoo

Hadi hapa mtu anaweza kusema Kiingereza ni bohari la vitu vya zamani, basi. Si hivyo tu. Kuna upande ambao tahajia hiyo ina akili, na upande huo ni wa sarufi.

Chukua kitenzi chetu pika. Anayepika ni mpishi. K imegeuka sh. Linda inatoa mlinzi, iba inatoa mwizi, fuata inatoa mfuasi. Ulimi ukiwa wengi ni ndimi. Kiswahili kinafuata mdomo: sauti ikigeuka, herufi inageuka. Faida yake tunaijua. Hasara yake hatuioni kwa sababu tumezaliwa ndani yake: mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na “mwizi” hawezi kujua kwa macho kwamba ni ndugu wa “iba”.

Kiingereza huchagua kinyume. “Electric” ni ya umeme, na c ya mwisho inasomwa k. “Electricity” ni umeme wenyewe, na c ile ile inasomwa s. “Electrician” ni fundi umeme, na c ile ile inasomwa sh. Sauti tatu, herufi moja, ili jicho lisipoteze ukoo. Ni kama sisi tungeandika “mpiki” na kila mtu akajua, bila kuambiwa, kwamba inasomwa mpishi.

Hapo herufi bubu nyingi zinapata maelezo. “Sign” ni alama au kutia saini, na g haisemi kitu. Lakini neno unalolitafuta juu ya mti ukitaka kupiga simu ni “signal”, na humo g inasikika. G ya “sign” inakaa kimya ikimwakilisha nduguye. B ya mwisho katika “bomb” imelala, lakini inaamka katika “bombard”. W ya “two”, mbili, haisikiki. Isikilize katika “twelve”, kumi na mbili, “twenty”, ishirini, “twin”, pacha, na “twice”, mara mbili, ambalo huliona kwenye pakiti za dawa. Mtoto anayeandika “tu” kwa mbili aambiwe tu: mbili ina ndugu, na ndugu zake wote wana w.

Viambishi vya sarufi vinafuata mtindo huo huo. Sisi wakati uliopita tunauweka kwa -li-. Waingereza huongeza -ed mwishoni mwa vitenzi vingi. “Cooked”, alipika, inasomwa “kukt”. “Cleaned”, alisafisha, inasomwa “kliind”. “Planted”, alipanda mbegu, inasomwa “plantid”. Sauti ni t, d na id, ila maandishi ni -ed daima. Mdomo unachagua wenyewe: baada ya sauti zisizo na mtetemo kooni kama p, k, f na s, utasikia t, baada ya t na d, utasikia id, kwingine kote ni d. Weka kidole kooni useme s, kisha z, utaelewa maana ya mtetemo.

Kwa hiyo mtoto anayeandika “kukt” amesikia vizuri lakini hajachambua sarufi. Anapaswa kujiuliza: je, neno hili ni kitenzi cha jana? Kama ndiyo, aandike -ed hata kama sikio linasema t. “Passed” na “past” zinatamkwa sawasawa kabisa. Ya kwanza ni kitenzi, alipita au alifaulu. Ya pili si kitenzi. Ni wakati uliopita wenyewe, au “kupita” kama katika kuonyesha njia. Sikio haliwezi kumsaidia hapo. Sarufi ndiyo inayojua.

Na s ya wingi ni hivyo hivyo. “Cups”, vikombe, ina s. “Beds”, vitanda, mwishoni utasikia z. “Boxes”, masanduku, utasikia iz. Zote zinaandikwa kwa s kwa sababu zote zinasema kitu kimoja: vingi. Ndiyo sababu pia maneno kama “nurse”, “horse” na “house” yana e mwishoni isiyosomwa. E hiyo inamwambia msomaji: s hii si ya wingi, usije ukadhani nesi mmoja ni wengi. Sisi tulipoijua kanuni hiyo mara ya kwanza tulijilaumu kwa miaka yote tuliyoikariri bila kuambiwa.

Kuna moja zaidi, nayo wazungumzaji wa Kiswahili tunaweza kuidaka upesi kuliko watu wengi, kwa sababu sisi tunatofautisha thamani na dhahabu. Kiingereza huandika th kwa sauti zote mbili. Utajuaje? Angalia aina ya neno. Neno likianza na th na likiwa neno dogo la sarufi, la kuonyesha au la kuunganisha, soma dh: “the”, “this”, “that”, “they”, “them”, “there”, “then”. Likiwa ni jina la kitu, kitendo, sifa au namba, soma th: “thief”, mwizi, “thumb”, kidole gumba, “think”, fikiri, “three”, tatu. Neno “through” linaikaidi kanuni hii, likumbuke peke yake.

Mbona hawaibadilishi?

Wamejaribu, mara nyingi. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha fedha katika wosia wake ili zitungwe herufi mpya kabisa za Kiingereza. Zilitungwa, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapwa kwa herufi hizo. Leo ni wapenzi wachache wanaozitumia.

Huko Marekani Noah Webster alifaulu kidogo. Kamusi yake ya mwaka 1828 iliimarisha “color” badala ya “colour” na “center” badala ya “centre”. Kama simu yako inaipigia mstari mwekundu “colour” aliyofundishwa mtoto shuleni, simu haijakosea na mwalimu hajakosea. Simu imewekwa Kiingereza cha Webster.

Kikwazo kikubwa ni swali la mdomo wa nani. Mtu wa Scotland na Wamarekani wengi huitamka r ya “car”. Mtu wa London haitamki. Mnigeria, Mhindi na Mkenya wana irabu zao. Ukiamua kuandika kama inavyosemwa, utaandika kama anavyosema nani? Maandishi ya sasa si ya mdomo wa yeyote, na kwa sababu hiyo wote wanayasoma. Sisi wenyewe tulilipia bei hiyo Kiswahili kiliposanifishwa: mtu wa Mombasa aliyesema “ndia” na “mtele” alitakiwa kuandika njia na mchele. Tahajia yetu nyepesi ilikuwa nyepesi zaidi kwa Mzanzibari.

Wataalamu Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao cha mwaka 1968 kuhusu sauti za Kiingereza, walifika mbali hadi kudai kwamba tahajia hiyo inakaribia kuwa bora kabisa, kwa kuwa inahifadhi koo za maneno. Sisi hatuendi nao hadi huko. Hoja hiyo ni tamu kwa mtu ambaye tayari anayajua maneno yote ya ukoo. Mtoto anayekutana na “sign” kabla hajawahi kusikia “signature” hana ukoo wa kuulizia. Anaona g tu, na wino mwekundu.

Pengine umeshaonyeshwa mzaha wa neno “ghoti”, ambalo husemwa linaweza kusomwa kama samaki kwa Kiingereza: gh kama f katika “laugh”, o kama i katika “women”, ti kama sh katika “nation”. Wengi humpa Shaw sifa ya mzaha huo, lakini ulikuwako kabla hajazaliwa. Unapatikana katika barua ya mwaka 1855. Unachekesha, ila ni uongo. Gh mwanzoni mwa neno haisomwi f kamwe, iangalie “ghost”. Ti husomwa sh ikifuatwa na irabu, kama katika -tion, si ikiwa mwisho wa neno. Mzaha unaficha jambo la maana: katika Kiingereza herufi haisomwi peke yake. Inasomwa kwa mahali ilipo na kwa majirani zake.

Jioni, daftari likiwa mezani

Si lazima mzazi ajue Kiingereza ili asaidie. Tunachopendekeza ni mabadiliko madogo ya maswali. Mtoto akikosea neno, badala ya kumwandikisha mara 20, mwulize kwanza amesikia nini. Kama alichoandika kinalingana na sauti, mwambie sikio limefaulu. Kisha mtafute pamoja kinachobaki: je, ni e inayofanya kazi, kama ya breki na keki? Je, ni mwisho wa sarufi, -ed au s? Je, neno lina ndugu ambaye herufi hiyo inasikika kwake? Yasiyoangukia popote, na yapo, ndiyo ya kukariri, nayo yatakuwa machache kuliko alivyodhani.

Kuhusu kusikia, asikie neno kabla ya kuliona. Mtoto aliyelizoea neno masikioni hulitambua hata likiwa limevaa herufi za ajabu. Aliyeliona kwanza hulisoma Kiswahili, na tamko hilo humng'ang'ania hadi ukubwani. Hili linauma zaidi kwa Tanzania, ambako mtoto wa shule nyingi za serikali humaliza shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo kama baiolojia kwa Kiingereza. Wengine wanaonekana hawajui baiolojia, kumbe hawajawahi kulisikia neno wanaloulizwa.

Turudi kwa “knife”. K ni kaburi la sauti ya zamani, na ndugu zake wamezikwa hivyo hivyo: “know”, jua, “knee”, goti, “knock”, bisha hodi. I na e ni laini na faini tena. Inabaki n na f, ambazo binti aliziandika bila kukosea. Akiulizwa wingi wake, aandike “knives”, maana hapa Kiingereza, kwa mara moja, kinafuata mdomo kama sisi: f imegeuka v na wakaiandika v.

Mwanajeshi mstaafu mmoja naye ametuandikia akiuliza kuhusu cheo cha “colonel”, ambacho husomwa kama “kenel”. Waingereza walilipokea neno hilo kwa njia mbili, moja yenye r kutoka Kifaransa, nyingine yenye l kutoka Kitaliano. Wakachukua maandishi ya hii na matamshi ya ile. Kiswahili kilisikia, kikaandika kanali. Kwa neno hilo, afande, hatuna kanuni ya kukupa. Likariri.